Chai ya Wageni na Makaa ya Mama Koki

Saa tatu asubuhi, mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Mvua imekatika lakini uchochoro ni tope tupu, na Nthoki Musau, Mama Koki kwa majirani, anatandaza magunia mlangoni mwa banda ili wageni wasichafue viatu. Mikono yake ni myeusi hadi viwikoni. Ameisugua kwa sabuni na mchanga, na weusi umegoma kutoka.

"Wacha hiyo mikono, Mama Koki," Aoko, mwenzake katika kikundi, anamwambia. "Wataona tu ndiyo kazi yetu."

"Wataona uchafu," Nthoki anajibu, na kuendelea kusugua.

Wageni wanaosubiriwa wanatoka kampuni moja ya rangi iliyoko hapo jirani, Eneo la Viwanda. Siku hizi kampuni zimeamka na kugundua kuwa kuna mazingira. Hii imetenga fedha za kusaidia vikundi vinavyookoa miti na kuwapa watu kazi. Moshi wa kiwanda chenyewe kila mkazi wa hapa anaujua kwa harufu, lakini mwenye njaa hana miiko.

Kazi ya Nthoki ni makaa, ila si ya kukata mti. Mumewe, Matheka, huchonga vinyago upande wa Gikomba, na jioni alikuwa akirudi na maranda ya kuwashia jiko. Mkewe akaanza kuyachanganya na vumbi la makaa linaloachwa na wauzaji, akatia udongo kidogo, akafinyanga mabonge ya ukubwa wa ngumi na kuyaanika juu ya bati. Majirani wakayapenda. Mkebe mmoja wanaununua nusu ya bei ya makaa ya kawaida.

Leo wako akina mama tisa. Jua likiwaka, kila mmoja anarudi nyumbani na kama shilingi sitini kwa siku. Mvua ikinyesha, anarudi na mikono mitupu. Na tangu zile mvua za El Nino za mwaka jana, mabonge hayajapata kukauka vizuri.

Ndiyo maana wameomba mashine moja ya mkono ya kukamulia maji, na paa la kukaushia. Watatu kati yao wameshasema wazi kwamba msimu mwingine wa mvua ukiwakuta bila mashine, watakwenda kufua nguo za watu Buruburu. Kikundi kitakuwa kimekufa.

"Wameshafika!" Aoko ananong'ona.

Anayetangulia ni Teresiah, ofisa wa misaada wa kampuni, ndani ya gambuti mpya. Nyuma yake kuna mwanamume mwenye kamera. Salamu zinakwenda vizuri. Chapati zimefunikwa kwa kitambaa cheupe, na sufuria ya chai inachemka jikoni karibu na mlango.

Teresiah anainama, anachungulia jiko.

"Haya ndiyo makaa yenu?"

Kila mwanamke aliyeko hapo anajua kwamba makaa yale yamenunuliwa kwa Maingi, muuza makaa wa hapo kona.

"Hapana, madam," Nthoki anasema. "Yetu ni yale pale kwa gunia."

"Kama ni mazuri, mbona hamkuyatumia kupika chai?"

Wala haukuwa ujanja. Nthoki alizaliwa Mwala, Ukambani, na huko mgeni hapikiwi kwa kitu cha kila siku. Kuku akiwa mmoja, ni wa mgeni, na watoto watakula mboga. Kwa hiyo wageni wa heshima walinunuliwa makaa ya heshima. Hakuna hata mmoja wa wale tisa aliyeona kasoro.

Aoko anajaribu kuokoa jahazi. "Madam, mgeni huwezi mpikia na kitu ya kujaribu."

"Ya kujaribu?" Teresiah anageuka. "Mlituambia mmeyauza miaka mitatu."

Aoko anajifunika mdomo. Nthoki anaiepua sufuria ya chai, anayamwaga makaa ya Maingi nje kwenye tope, yanalia. Anajaza jiko mabonge yake, anapenyeza maranda chini, anawasha. Juu anateleka maji mapya.

Moshi unapanda. Mwenye kamera anakohoa, anatoka nje. Aoko anapepea kwa kipande cha katoni kama mtu anayefukuza nyuki. Bonge moja linashika wekundu pembeni, linazima, linashika tena. Teresiah anatazama saa yake.

"Tuna kikundi kingine Kware," anasema, bila ukali. "Kamati ikikaa mwezi ujao, tutawajulisha."

"Madam, hata kikombe kimoja?" Nthoki anauliza.

"Siku nyingine, mama."

Wanaondoka, na chai yao imebaki. Muda si mrefu moshi unakatika, jiko zima linakuwa jekundu, na maji yanaanza kuchemka. Hakuna anayeshangilia. Ukweli, inauma kutazama.

Nthoki anakaa juu ya gunia. Machozi yanamtoka na hayafichi.

"Ilikuwa ni heshima, heshima kweli," anamwambia mwandishi huyu. "Lakini pia niliogopa moshi. Haya makaa majirani wanapikia watoto wao kila siku, mimi ndiye nawauzia, halafu mgeni akikuja nakimbia kwa Maingi. Sasa yule mama ataniamini vipi?"

"Kwa hivyo mashine imeenda?" Aoko anauliza.

"Sijui. Wakileta, tutashukuru. Wasipoleta, nitaenda kubisha kwa hiyo geti yao mpaka askari anizoee."

Anafuta uso kwa kiwiko, weusi unabaki shavuni. Kisha anasema kwamba Jumamosi wanakuja watu wa Kitui, wazazi wa kijana anayetaka kumwoa Koki, bintiye wa kwanza. Katika maisha ya mama wa Kikamba hakuna wageni wazito kuliko hao.

"Nitawapikia na makaa yangu," anasema. "Nyama, wali, chai, kila kitu. Na yakitoa moshi, tutalia nao pamoja."