Meno ya Njano

Juzi mwanangu alitandaza vipuri mezani, anataka kuunda kompyuta ya bei nafuu ya kuchezea gemu. Akanishikisha vijiti viwili vya memori nimchagulie kimoja. Nilipoona yale meno ya njano kwenye ukingo wa vijiti, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Alasiri moja ya utoto wangu, kule Geita, mama alikuwa amelala ndani na homa, na baba alikuwa ametoka kwenye shimo la dhahabu mikono mitupu tena. Kaka yangu Masanja alikuwa uani na mabaki ya kompyuta mbovu tuliyopewa na Mama Rehana mwenye duka. Alitaka kuunda ya gemu. Kazi yangu ilikuwa kuchagua vipuri, nami nilichagua vilivyong'aa zaidi, kama sisi watoto wa machimboni tulivyozoea kuchagua mawe.

Baba akachuchumaa, akagusa meno ya njano ya kipuri kimoja. "Hii ni dhahabu?"

"Ndiyo, baba," nilijibu kwa fahari. "Nimechagua vyenye nyingi."

Masanja alilia, lakini baba alivichoma vyote, akatwanga majivu, akayaosha kwa zebaki kwenye karai. Nilidhani anamtengenezea mama dawa, kumbe alitafuta dhahabu ya kuuza ili ampeleke hospitali. Zebaki haikushika hata chembe ya dhahabu. Alipekua tope lile kwa kidole.

"Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia taratibu, "rudi dukani kwa Mama Rehana, ukachague vizuri."

Nilikimbia. Niliporudi, wanawake walikuwa wanalia uani.

Leo najua dhahabu ile ni utando tu, isingemponya mtu. Lakini kwa miaka mingi niliamini mama alikufa kwa sababu nilichagua vibaya.

"Mama," mwanangu alirudia, "chagua wewe."