Mzee wa Udongo Juu ya Meza Yangu

Meza yangu ya kukatia nguo imebeba majeneza mengi kuliko sare za shule, na sitanii. Hapa mtaani kwetu Butiama ndiyo meza pekee ndefu na pana, mninga mtupu, na tangu niilete hakuna msiba uliopita bila vijana kuja kuibeba. Jeneza likishushwa kwenye gari huwekwa juu yake, padri anasoma misa, watu wanaaga, kisha meza inarudi kwangu, naifuta, naendelea kukata. Nilipofiwa na mume wangu, yeye pia alilala juu yake, na mtaa mzima ulikesha kwangu. Kwa hiyo mtu asiniambie kitu kuhusu kumnyima mfiwa meza. Najua maana yake. Ukimnyima mtu wa msiba kitu ulicho nacho, siku yako utachimba kaburi peke yako.

Sasa akaja Wegesa.

Wegesa ni mtoto wa dada yangu Rhobi, wa Bunda. Baba yake analima pamba, na mpaka leo nadhani anaamini mtoto anasomea ualimu. Ukweli ni kwamba anasoma sanaa chuoni, mwaka wa mwisho, na kitu anachokitaka duniani ni kimoja tu: kutengeneza filamu za katuni. Ni msichana mwembamba, mpole wa sura na mbishi wa roho. Ukimwambia "hapana" anaitikia "sawa, mamdogo," halafu anafanya vilevile alivyokusudia. Nampenda, lakini kuna siku natamani kumchapa fimbo.

Likizo hiyo hakukaa Bunda. Kwao nyumba imejaa watoto, na kazi yake haitaki watoto. Studio moja ya Dar es Salaam ilikuwa inatafuta wanafunzi wa kuanza nao kazi, na mtihani wake ulikuwa filamu fupi: mhusika mmoja, safari moja, iwe imefika kwao Ijumaa kabla jua halijazama. Ikichelewa hata kidogo haitazamwi. Wenzake chuoni walikuwa na kompyuta. Yeye alikuwa na simu yenye ufa, udongo wa kando ya mto alioukanda na mafuta ya kupikia usikauke, na mamdogo mwenye meza.

Akanijengea kijiji juu ya meza yangu. Nyumba ya maboksi, ua wa vijiti, njia ya vumbi, na mzee mmoja wa udongo mwenye mifupa ya waya, urefu wa kiganja. Mzee anarudi nyumbani kutoka mnadani. Ng'ombe kauzwa, kamba kabaki nayo mkononi. Koti lake nililishona mimi kwa kipande cha suti ya mteja, na lilinitoa jasho kuliko suti yenyewe.

Namna anavyofanya kazi ingekutia wazimu. Anasogeza mguu wa mzee kiasi cha unene wa kucha, anarudi nyuma, anapiga picha. Anasogeza tena, anapiga tena. Asubuhi nzima mzee anatembea hatua mbili. Simu ameifunga kwenye stuli kwa mpira wa baiskeli, dirisha kaliziba kwa khanga, taa moja inawaka. Meza ikitikisika tu, nyumba inahama, njia inahama, na filamu nzima inaruka kama mtu mwenye kwikwi. Mimi nikawa nakata nguo sakafuni juu ya mkeka, mgongo unaniuma, na kufagia nanyata kama mwizi.

Katikati ya hayo akafa Mzee Apolinary, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alifia hospitali Musoma. Mwili ukabaki huko huko kwenye chumba cha maiti, kwa sababu wanawe walikuwa migodini Geita na mazishi hayawezi kufanyika watoto hawajafika. Habari zikaja kwamba wamefika, na mwili utaletwa nyumbani Ijumaa mchana, misa ya kumuaga isomwe jioni, maziko Jumamosi.

Ijumaa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa filamu. Nilimwangalia Wegesa, naye aliniangalia. Tulijidanganya wote wawili kwamba atamaliza mapema.

Ijumaa mchana wakabisha hodi. Alikuwa Maige, kiongozi wa vijana wa mtaa, na wenzake.

"Shikamoo, mama. Tumefuata ile meza. Gari imeshapita Nyankanga, sasa hivi iko hapa."

Nikabaki nimeshika mkasi. Wegesa akatoka chumbani akaufunga mlango nyuma yake na kusimama mbele yake. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Kaka Maige, naomba mnisubiri," akasema. "Bado kidogo tu. Nikiisogeza saa hii, kazi yote imekufa, na mwisho ni leo."

Maige akacheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona si utani akanigeukia mimi. "Mama, hii meza huwa tunabebaga kila msiba. Leo kuna nini?"

Ningesema nini? Mwanasesere wa udongo hajafika nyumbani? Nikasema kuna kazi juu yake, tutafute mbao, tuunganishe madawati ya shule. Nikajisikia ninavyosema, nikaona aibu. Maige akageuka na wenzake. Alitoka, na sikuwa na shaka anakwenda wapi.

Akarudi na Faustine, mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa ule msiba. Faustine ni mtu wa ng'ombe, anaongea kama bado yuko upande wa pili wa bonde. Hakusalimia.

"Helena! Wewe umeanza lini kutunyima meza? Mume wako tulimlaza wapi?"

Hilo neno lilinichoma, maana lilikuwa la haki.

"Si mama mdogo, baba," Wegesa akasema. "Ni mimi."

"Ni wewe? Haya. Kama ni wewe, njoo umwambie mwenye msiba kwa mdomo wako. Umwambie kaka yangu alale chini sababu unacheza na udongo."

Nilitaka kumwambia Wegesa aache, afungue mlango, meza itoke, chuo kipo, studio zipo nyingine. Lakini nilikuwa nimemwona mtoto yule akiinama juu ya meza ile mpaka shingo ikakataa kunyooka. Wegesa akafunga chumba kwa ufunguo, akautia kifuani, akamfuata Faustine. Nami nikafuata nyuma.

Bibi Yuliana, mjane wa Mzee Apolinary, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka nyumbani kwake, wanawake wamemzunguka, khanga imemshuka mpaka machoni. Wegesa alipiga magoti mbele yake. Mimi nilitamani nimezwe na ile sakafu.

"Bibi, pole kwa msiba," akaanza. "Mimi ndiye nimezuia meza. Nina kazi juu yake, mtihani wa kupata kazi. Natengeneza mzee anatembea kwenda kwao. Nikimtoa kabla hajafika, nimeshindwa, na hawanipi nafasi nyingine. Naomba nimfikishe. Halafu meza nitaileta mwenyewe."

"Umesikia, shemeji?" Faustine akasema. "Maiti isubiri sanamu!"

Bibi Yuliana aliinua khanga machoni, akaiangalia ile mikono ya udongo. Kisha akauliza, "Huyo mzee wako amefika wapi?"

"Ameshaingia uani, bibi. Bado avuke ua, afungue mlango."

Nje tukasikia honi. Gari lilikuwa limefika njia panda, na wanawake wa kule barabarani wakaangua kilio. Wa ndani nao wakaanza kuinuka. Bibi Yuliana akanyoosha mkono, wakakaa tena.

"Faustine," akasema, "mume wangu amelala Musoma kwenye friji wiki nzima, sababu wanangu walikuwa njiani. Kuna mtu alisema tumzike tu? Hapa kwetu mtu akiwa njiani huwa tunamsubiriga. Na huyu mtoto yuko njiani. Mwambie dereva azime gari."

"Shemeji, padri..."

"Padri mpe chai."

Faustine alitoka amevimba. Wegesa alikuwa ameshaondoka mbio kabla sijainuka.

Nilimkuta ndani kwangu, taa inawaka, kainama. Nikasimama pembeni nikizuia hata pumzi. Mahali pale padogo, na mtaa mzima unamngoja: honi imenyamaza, lakini nilisikia minong'ono ya vijana ukutani, kikohozi cha Faustine, mtu akisema kwa sauti ya kusudi, "Jua linakwenda." Wegesa akasogeza mguu, akapiga picha. Akasogeza mkono, akapiga. Jasho lilimdondoka puani na akalikinga kwa mkono wa pili lisiguse njia ya vumbi.

Nikashindwa kujizuia. "Mrushe," nikamnong'oneza. "Mfikishe mlangoni tu. Nani atajua?"

"Nikimrusha ataruka, mamdogo. Wataona."

"Watu wako nje!"

"Najua."

Hapo ndipo vidole vilipomcheza. Aligusa goti la mzee, waya ukapinda, na mzee akaanguka kifudifudi katikati ya ua. Mimi nilitoa sauti. Wegesa hakutoa. Alifumba macho, akayafumbua, akamwinua. Kwenye simu yake ile picha ya mwisho huonekana kwa mbali kama kivuli juu ya ile anayotaka kuipiga, na yeye akawa anamweka mzee ndani ya kivuli chake: unyayo juu ya unyayo, bega juu ya bega, kamba pale ilipokuwa. Alikuwa analia sasa, kimyakimya, lakini mikono ilikuwa imetulia. Nje mtu akagonga mlango. Nikaufungua kidogo, nikamkuta Faustine, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwekea mwanamume mkubwa kidole mdomoni. Alishangaa mpaka akanyamaza.

Mzee akavuka ua. Akainua mkono. Mlango wa boksi ukafunguka, kidogo, kidogo zaidi, mpaka mwisho, naye akaingia kivulini. Wegesa akapiga picha ya mwisho, akaifuta pua yake kwa mkono wa udongo, halafu akapitisha mkono wake juu ya meza na kukikumba kijiji chote ndani ya beseni: nyumba, ua, njia na mzee mwenyewe. Kazi ya likizo nzima. Sikuwa tayari kwa hilo, na roho iliniuma.

"Twendeni," akasema.

Kwetu wanawake hawabebi meza ya jeneza. Wegesa alishika pembe moja, Maige akashika ya pili, na hakuna aliyemtoa. Faustine alishika ya mbele bila kutuangalia. Tuliiweka uani kwa marehemu chini ya turubai, na hata sikuwahi kuifuta. Jeneza la Mzee Apolinary liliwekwa juu ya madoa ya mafuta na vumbi la njia ile ndogo. Ndipo kilio kikaanza rasmi, na mimi nililia kwa mengi.

Wakati padri anavaa mavazi ya misa, Wegesa alikuwa nyuma ya jiko la msiba, juu ya gogo, kainua simu juu akitafuta mtandao, mkono wa pili umeshika mwiko wa ugali wa watu. Filamu ilikwenda jua likiwa jekundu juu ya vilima. Alishuka kwenye gogo, akaendelea na ugali.

Walimchukua. Barua pepe ilikuja wiki chache baadaye, ikimwita Dar kuanza mafunzo ya kazi, na kwa kuanzia atakuwa anasogeza vikombe kwenye tangazo la chai. Baba yake pale Bunda aliuliza kama vikombe ni somo. Faustine hadi leo ananisalimia kwa shingo upande, na akilewa huwaambia watu kaka yake alisubirishwa barabarani na mwanasesere. Anasema kweli, siwezi kumbishia.

Kabla ya safari Wegesa alikwenda kumuaga Bibi Yuliana, nikamsindikiza. Nyumba ilikuwa imeshapoa. Waombolezaji wameondoka, wanawe wamerudi migodini, amebaki na jiko lake na stuli mbili. Alituandalia uji. Kisha akamwambia Wegesa, "Hebu nimuone huyo mzee."

Wegesa akamshikia simu. Bibi Yuliana akaisogeza karibu na uso. Mzee wa udongo akapita njia ya vumbi na kamba yake, akaingia uani, akavuka polepole, akafungua mlango, akaingia. Kioo kikawa cheusi.

"Na ndani kuna nani?" Bibi Yuliana akauliza.

Wegesa akacheka kidogo. "Hakuna mtu, bibi. Ni boksi tu. Ndani sikutengeneza."

Bibi Yuliana hakucheka. Alirudisha simu, akaangalia mlango wake mwenyewe uliokuwa wazi, na jua linaingia mpaka kwenye ile stuli ya pili.

"Mtengenezee mtu," akasema. "Umemtembeza kote huko, mwanangu, halafu anakuta nyumba tupu? Usimfanyie mtu hivyo."

Jioni ile Wegesa hakufunga begi. Aliniomba vipande vya kitenge, nami nikamkatia gauni la mwanamke mzee, urefu wa kiganja.