Jina Ambalo Baba Aliliruka

Mianzi iliyokolea moshi ina harufu tamu, nzito kidogo, na hiyo ndiyo harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani. Chini ya paa la jiko letu, juu ya kichwa changu nilipokuwa nikipuliza moto, ilining'inia ingobyi ya kilima kizima: kitanda kirefu cha kubebea wagonjwa, kilichosukwa kwa mianzi na kamba, chenye miti miwili ya kuwekea mabegani. Nilikuwa na miaka tisa. Kibagabaga, kilima chetu, haikuwa mtaa bado. Ilikuwa mashamba ya mtama na migomba, na nyumba chache zilizotazamana kwa mbali. Asubuhi za masika ukungu ulijaa bondeni, kilima cha ng'ambo kikaonekana kama kinaelea, na sisi watoto tuliamini kwamba mtu akishuka mle kabla jua halijapanda angepotea na kutokea nchi nyingine. Mambo haya yote yalisemwa kwa Kinyarwanda. Nayaandika kwa Kiswahili nilichojifunza baadaye, nilipoolewa mjini, mtaa wa Muhima, kwa watu wa biashara waliosema Kiswahili, na ninapowasikia wazazi wangu wakisema katika lugha hii, ni kama wananiita kutoka chumba cha pili.

Baba ndiye aliyeitunza ingobyi. Alikuwa mtu mrefu, mnyoofu, aliyeongoza sala kila Jumapili ambayo padri hakuweza kutufikia, na watu walimheshimu kwa sababu hakujua kupendelea. Mtu akizidiwa, Baba alisimama kwenye ukingo juu ya nyumba yetu, akaweka viganja mdomoni na kuita majina ya wenye nyumba mmoja mmoja, kuanzia juu ya kilima hadi chini. Kila aliyeitwa alijibu kutoka alikokuwa, shambani au zizini: "Naja!" Nilipenda kusikiliza majina yale yakishuka mteremko na majibu yakipanda. Ilikuwa kama litania ya kanisani, tofauti ni kwamba hawa watakatifu walikuja kweli, wakiwa na matope miguuni. Sheria zilikuwa chache. Aliyeitwa huja. Asiyefika mara tatu huleta mtungi wa pombe ya mtama, watu wote wanywe na kumsamehe. Na asiyeleta mtungi jina lake huondolewa, hatabeba wala hatabebwa.

Mwaka ule jina la Gaspari liliondolewa. Gaspari alikuwa jirani yetu wa karibu kuliko wote, mtu mfupi, mpole, aliyeishi na mkewe Verediana bila mtoto. Aliitwa mara tatu, na mara zote tatu hakufika. Baba alipomuuliza mbele ya watu, alitazama chini na kusema alikuwa na shughuli. Mtungi hakuleta. Basi Baba akaanza kuita majina akimruka, na mimi niliyeijua orodha ile kwa moyo nilikuwa nikijikwaa kila tulipofika pale, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukuta moja haipo. Nyumbani hatukulizungumza. Mama alimsalimu Verediana kisimani kama zamani, lakini Baba alipita mbele ya ua wa Gaspari akiwa amekaza shingo. Wakati huohuo mimi nilikuwa nikijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Kila jioni Baba alinisikiliza nikikariri majibu ya katekisimu, na nilipofika kwenye swali la jirani yako ni nani, nilijibu bila kosa hata moja, na yeye akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ilikuwa Jumamosi, mvua imekatika asubuhi, na majani ya migomba yalikuwa yakidondosha maji taratibu. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri ya siku iliyotangulia. Nyanya yangu, mama yake Baba, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya kilima, alitoka chumbani akifuta mikono na kusema kwa sauti ndogo, "Huyu mtoto hatatokea hapa. Mpelekeni mjini." Mjini ndiko kulikokuwa na hospitali, ng'ambo ya bonde na kilima kizima, mwendo wa kutwa kwa waliobeba mtu. Baba alipanda ukingoni akaita. Nilisimama kando yake na kusikiliza. Majina yalishuka, lakini majibu hayakupanda, kwa maana wanaume wengi walikuwa wamekwenda harusini kilima cha mbali. Waliojibu walikuwa wawili tu: Yohani, seremala, na Tarisisi, kijana aliyetuchekesha watoto kwa kuiga sauti za mbuzi na za wazee wa kanisa. Pamoja na Baba walikuwa watatu. Ingobyi hubebwa na watu wanne.

Baba akaita tena tangu mwanzo. Akaruka tena.

Nyanya alimkuta mlangoni. "Umewaita wote?"

"Nimewaita, Mama."

"Wote?"

Ndipo sauti ya Mama ikatoka ndani, nyembamba, yenye kupumzika kila baada ya neno. "Baba Yozefina. Umemruka mtu." Yozefina ni mimi. Sijawahi kusahau jinsi jina langu lilivyosikika ndani ya sentensi ile, kana kwamba na mimi nilikuwa shahidi wa jambo.

Baba alipanda ukingoni mara ya tatu. Aliweka viganja mdomoni, akaviondoa, akaviweka tena. Nilimwona akimeza mate. Nilikuwa mtoto lakini nilielewa kwamba mtu huyu mrefu alikuwa akitafuta mahali pa kuinama, na kwamba mama yangu angekufa au kupona kutokana na jambo hilo. Kisha akaita, "Gaspari!" mara moja, kwa sauti iliyopasuka katikati.

Jibu halikutoka mbali. Lilitoka nyuma ya ua wetu, hatua kumi tu kutoka pale tuliposimama. "Niko hapa, Mzee. Niko hapa tangu ulipoita mara ya kwanza." Gaspari alikuwa amesimama nje ya ua, blanketi limekunjwa begani tayari kwa kuzuia mti usimchubue. Asiyetajwa hakuruhusiwa kugusa ingobyi, kwa hiyo alisubiri atajwe. Baba alimtazama, akafungua mdomo, na Tarisisi akamwahi: "Wazee wangu, mtaombana radhi tukirudi! Mzee, wewe mrefu, kaa mbele tukishuka. Tukianza kupanda, Gaspari mfupi atachukua mbele, Mama asiteleze. Na wewe Mama Yozefina, nakuomba, usijifungulie begani kwangu, nimevaa shati la Jumapili!" Ndani ya ingobyi, walimokuwa wameshamlaza na kumfunika mkeka, Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichoishia katika kilio, lakini nilikisikia, na nikaacha kuogopa kwa muda wa kutosha kuokota fungu la nguo za mtoto na kuwafuata.

Safari ile ninaiona hadi leo kama kitu kilichotokea chini ya maji. Ukungu ulikuwa bado bondeni na tukaingia ndani yake, watu wanne wakienda kwa hatua moja, ingobyi ikilia kwi, kwi, mimi na Nyanya nyuma yao, yeye akisali rozari kwa sauti iliyofuata mwendo wa miguu. Mafunjo yalisimama pande zote mbili, marefu kuliko Baba. Hatukuonja chakula wala hatukuhisi njaa. Mahali fulani kwenye udongo mweusi, walipoiweka ingobyi chini ili kubadilishana mabega, nilimsikia Baba akiuliza, pole pole, si kwa sauti ya mbele ya watu, "Mara tatu zile, ulikuwa wapi?"

Gaspari alikuwa akikunja blanketi lake upya. "Verediana huanguka," alisema. "Kifafa. Ameshaanguka motoni, ameshaanguka kisimani. Siku akiamka vibaya, siwezi kumwacha peke yake."

"Kwa nini hukusema?"

"Mzee, ningesema, nani angekunywa tena naye?"

Msomaji kijana huenda asielewe. Siku zile watu waliamini kwamba ugonjwa ule hupita kwenye kikombe, kwenye mrija, hata kwenye kivuli. Mwenye kifafa alikuwa na kibuyu chake na mahali pake pa kukaa, mbali. Gaspari alikubali kuitwa mvivu kwa miezi miwili ili mkewe asikae mbali. Baba aliinama, akashika mti wake, na walipoanza kupanda kilima cha ng'ambo niliona kwamba alikuwa amejongea kati zaidi, ili uzito mkubwa uwe upande wake.

Walifika. Mama alipona, na mdogo wangu alizaliwa saa za jioni, mwekundu na mwenye hasira. Mama na Nyanya walikaa mjini siku tisa, na waliporudi, Nyanya alishangaa kumkuta Baba jikoni akipika pombe ya mtama mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake, moshi ukimtoa machozi. Jumapili baada ya sala aliwaita watu wote wa ingobyi uani kwetu. Aliweka mtungi katikati na kusimama, mikono nyuma, kama mtoto mbele ya mwalimu. "Asiyefika mara tatu huleta mtungi," alisema. "Mimi nimepita mbele ya ua wa jirani yangu miezi miwili bila kumfikia. Huu ni mtungi wangu. Gaspari, naomba uwe wa kwanza." Sikuwahi kumwona Baba akiwa mdogo hivyo, wala sikuwahi kumpenda namna ile.

Lakini Verediana alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango wa jiko, na kibuyu chake kidogo alichokuja nacho kutoka nyumbani. Sijui nani alikuwa amesema. Labda Gaspari mwenyewe alichoka kuficha. Uani watu walikuwa wakinywa kutoka mtungi mmoja, mrija ukipita mdomo hadi mdomo, na kuzunguka Verediana palikuwa na nafasi kubwa kama uwanja. Mama aliinuka kwenye kiti chake, bado anatembea kwa kujishika, mtoto mgongoni. Alivuka nafasi ile, akapiga magoti, akavuta kibuyu cha Verediana na kunywa kwa mrija wake, si kwa kuonja, kunywa. Kisha akamfutia mrija kwa kiganja na kumrudishia. Tarisisi ndiye aliyemfuata. Alikwenda akachuchumaa, akasema, "Sogeza hapa, shangazi. Mama Yozefina asipokufa hadi Jumatatu nitajuta kwamba sikunywa vya kutosha," naye akanywa. Verediana alicheka akiwa amefunika uso kwa khanga yake. Wiki mbili baadaye nilipokea komunyo ya kwanza nikiwa nimevaa gauni la kuazima, na padri aliponipa mwili wa Bwana, niliona magoti ya mama yangu kwenye vumbi la uani. Maneno ya katekisimu nilikuwa nimeyakariri mapema. Maana yake nilikuwa nimeipata pale karibu na jiko.

Leo ninaishi tena Kibagabaga, kwa binti yangu. Pana lami na taa za barabarani, na hospitali iko karibu kiasi kwamba nikisimama dirishani naona wauguzi wakibadilishana zamu. Mwanamke akishikwa na uchungu leo, simu moja inatosha, na namshukuru Mungu kila siku kwa hilo. Sitamani hata kidogo kurudi kwenye mafunjo yale na mama anayelia chini ya mkeka. Wala sitasema kwamba zamani tulipendana na sasa hatupendani. Ningesema hivyo ningekuwa nawadanganya wafu. Gaspari na Verediana waliuawa katika mwaka wa mauaji, ambao kila mtu hapa anaujua bila kutajiwa, na Tarisisi alikuwa miongoni mwa waliokwenda nyumbani kwao. Alisema mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, mbele yetu sote tukiwa tumekaa kwenye nyasi, katika baraza la kijiji lililowahukumu walioua. Alisema bila mzaha, na sauti yake sikuitambua. Alitumikia kifungo chake, akarudi, na sasa ni mzee asiyeweza kutembea, anakaa kwa mtoto wake chini ya mteremko. Nimemsalimia mara mbili. Nimejaribu kuunganisha mdomo ule ulionyonya mrija wa Verediana na yale yaliyofuata, na sijaweza. Nimezeeka, nimesoma Maandiko kwa subira, na bado sijaweza.

Kila siku kabla ya chakula cha jioni tunasali nyumbani, na katika Aprili, mwezi wa kuwakumbuka waliouawa, ninawataja waliombeba mama yangu: baba yangu, Yohani, Gaspari. Nimewataja hivyo miaka mingi. Aprili hii mjukuu wangu Diana, mwenye miaka minane, ambaye ameisikia hadithi ya ingobyi mara nyingi na anapenda hesabu zitimie, alifungua macho katikati ya sala. "Bibi," aliuliza, "si ulisema ingobyi hubebwa na watu wanne?"

Binti yangu alimgusa goti anyamaze. Nilimwambia amwache. Nilisikia koo langu likikauka, na nikajua ni kwa nini baba yangu alimeza mate siku ile, na kwamba haikuwa kiburi peke yake. Kuna majina yaliyo mazito kuliko mgonjwa. Sikuwa nimesamehe kitu ambacho si mimi peke yangu mwenye haki ya kukisamehe. Nilikuwa nimeulizwa tu nani alimbeba mama yangu, na jibu nilikuwa nalo.

"Na Tarisisi," nilisema.

"Amina," akajibu Diana, kwa sauti ileile aliyowajibia wengine, akafumba macho, akasubiri niendelee.