Nilivyompokonya dume wa mtani wangu tonge mdomoni ili harusi ya mpwa wangu isiharibike

Wakuu, salaam kwenu. Na ninyi mnaopita kimyakimya kusoma bila kuacha hata neno, nawaona.

Leo nimekumbuka kisa cha miaka ile ya ubinafsishaji, pale Mikese. Ni cha kweli mwanzo mwisho. Nikiongeza chumvi hata punje moja, nirudishwe kwenye foleni ya redandansi, ya waliopunguzwa kazi.

Basi bwana, kiwanda tulichokuwa tunafanya kazi Morogoro mjini kiliuzwa, tukapunguzwa. Kila mtu akashika lake. Wengine mitumba, wengine genge, wengine stori tu.

Mimi na jamaa yangu Maganga, niliyekuwa naye mashine moja, tukaamua kunenepesha ng'ombe. Tukapata kaeneo Mikese, tukajenga zizi moja, kila mtu akanunua dume wake mnadani. Wote wawili walikuwa wamekonda, mbavu unaziona ukiwa barabarani.

Maganga ni Mnyamwezi, mimi Mluguru. Kwa hiyo ni watani.

Kwa vijana msiojua: mtani anachukua kitu chako mchana kweupe, anakusema mbele ya wakwe zako, na ukinuna wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Sasa, kilichonipeleka kwenye ng'ombe ni hiki. Mpwa wangu Mwanaidi, binti wa dada yangu Zena, alikuwa anaolewa kule Kinole, mlimani. Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba hana pa kujificha. Kwenye kikao cha harusi nikasimama, kifua mbele.

"Nyama niachieni mimi. Naleta dume, mtakula mpaka mbakize."

Dada Zena alijua sina kazi. Akaniambia mbele ya ukoo wote, "Mdogo wangu, ukituletea mifupa, usikanyage tena kwangu."

Na dada yangu hatanii, hana hata utani na Wanyamwezi.

Turudi zizini. Chakula kilikuwa kimoja. Pumba na majani ya mpunga tulileta kutoka Turiani, tukachanganya na molasesi na mashudu. Hori moja, madume wawili bega kwa bega.

Dume wa Maganga akaanza kung'aa.

Wangu alikula vilevile, pengine zaidi, lakini akabaki na mbavu zake. Kazi yake ilikuwa kutoa mavi ya majimaji, na ukiyaangalia unaona pumba zimetoka kama zilivyoingia.

Maganga akapata la kusema kila asubuhi. "Mluguru, huyu wako hali, anasafirisha mzigo tu."

Wakuu, nikaanza kuwaza vibaya. Chuma ulete mnaijua. Ile ya mteja anakulipa noti, akiondoka na fedha za droo zinamfuata. Nikasema basi, hii ni chuma ulete ya ng'ombe. Wangu anakula, nyama inahamia kwa wa Maganga.

Nikayapeleka hayo kwenye kijiwe cha kahawa. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akaapa kwamba yeye aliwahi kusikia hata ya kuku. Nikatoka pale nimeridhika kabisa.

Ila harusi ilikuwa inasogea, na kijiwe hakinenepeshi ng'ombe. Nikamfuata Dokta Asteria, mama wa Kipogoro, daktari wa mifugo aliyekuwa anakaa Kilakala.

Alipofika hakumtazama ng'ombe kwanza. Alichokoa mavi kwa kijiti.

"Unampa dawa gani?"

Nikajivuna. "Rangi mbili, dokta. Namkinga."

Hapa niwaeleze. Zamani dawa ulipata zahanati, kwa foleni. Ruksa ilipoingia, biashara ikaachiwa huru, maduka ya dawa yakaota kila kona, unanunua unachotaka na hakuna anayekuuliza. Dume wangu alikohoa, nikafungua vile vidonge vya rangi mbili, kiganja kizima, nikamwaga unga kwenye molasesi yake. Akapona. Nikajiuliza, dawa nzuri hivi naiachaje? Nikaendelea kumpa kila asubuhi kama chai.

Dokta alicheka mpaka akashika mlango wa zizi.

"Baba, ng'ombe hawezi kusaga majani peke yake. Tumboni mwake kuna bakteria, wengi ajabu, ndio wanaoyavunja majani, na yeye ananenepa kwa kazi yao. Wewe umenunua dawa ya kuua bakteria ukawamaliza wafanyakazi wote. Sasa chakula kinapita tu, hakuna wa kukishughulikia."

Yaani mimi niliyepunguzwa kazi, nami nimepunguza wafanyakazi, tena bila kiinua mgongo.

Akaniambia niache rangi mbili mara moja, halafu nimpe bakteria wapya. Ama maji ya tumbo la ng'ombe mzima aliyechinjwa muda huohuo, ama tonge analocheua ng'ombe mwenye afya, anayekula chakula hichohicho.

Wote tunamjua ng'ombe huyo ni nani.

Nikasubiri Maganga aende dukani. Dume wake alikuwa amelala kivulini anacheua kwa raha zake. Nikamshika pua, nikazamisha mkono mdomoni, nikachomoa tonge la kijani, la moto, linanuka. Nikakimbilia kwa wangu, nikamsokomezea kooni.

Nikaona halitoshi. Nilipozamisha mkono tena nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mluguru! Njaa imefika huko? Unampokonya ng'ombe tonge?"

Nikamweleza yote, mkono ukiwa bado mdomoni. Aibu niliyoisikia siisemi, maana ya chuma ulete alikuwa ameshayasikia kijiweni.

Akaniangalia. Kisha akaja akamshika dume wake pembe. "Chukua vizuri. Ila hili nitakudai mbele ya watu."

Tukarudia kwa siku kadhaa. Mavi yakashikana. Pumba zikaacha kutoka nzima. Mbavu zikaanza kujificha, na siku za harusi zilipofika yule dume alipanda Kinole kwa miguu yake, mgongo mpana.

Dada Zena alimzunguka, akampiga kofi la kiunoni, akaniambia niingie ndani ninywe chai. Wakuu, nilitaka kulia.

Tukachinja. Masufuria yamebandikwa, watu wamejaa, mara Maganga, aliyekuja nami kama mtani, akasimama.

"Ndugu zangu wa Kinole, mtani wangu ametangaza Mikese nzima kwamba nina chuma ulete. Ni kweli, ninayo. Nimekuja kuchukua kilicho changu. Nyama kuleni, ila tumbo hili limejaa bakteria wa dume wangu."

Akabeba ndoo ya utumbo, yote, akaondoka nayo. Bi harusi alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Dada Zena ndiye aliyenimaliza. Alimkimbilia Maganga kumpa mkungu wa ndizi, asije akapika utumbo mtupu.

Nilichojifunza: dawa inayoponya si chai ya asubuhi, na kabla hujamtaja mchawi, angalia kwanza mavi.

Mnaofuga, njooni mseme yaliyowakuta. Mpaka leo nikichinja hata mbuzi, simu ya Maganga inaita kabla sijamaliza kuchuna.

"Mluguru, bakteria wangu hawajambo?"