Pua ya Kwetu

Fundi miwani alirudi kutoka hospitali uso umefungwa kama kifurushi cha posta. Juu ya pua palikuwa na banzi gumu jeupe lililoshikwa kwa plasta hadi mashavuni, na chini ya matundu kulibandikwa kipande cha chachi cha kunyonya damu. Macho yalikuwa yamevimba yakabaki mistari miwili. Dada yake, aliyemshika mkono kupanda ngazi, alisema neno moja tu kila walipofika kidato kipya: "Taratibu."

Dada huyo alimzidi miaka sita. Kazi yake ilikuwa ulezi wa bweni la wasichana, na wasichana wenyewe walimwita Kengele, kwa sababu sauti yake iliwatoa kitandani kabla kengele ya shule haijalia. Alikuwa ameomba ruhusa ya wiki moja ili aje kumuuguza mdogo wake. Kwenye simu aliambiwa ni upasuaji mdogo wa pua, naye akajijazia mwenyewe kwamba ni nyama za puani, kama zile zilizowahi kumsumbua shangazi yao. Fundi miwani alimsikia akisema hivyo, akaliacha lipite. Hakudanganya, alinyamaza tu. Lakini alijua fika kwamba kunyamaza huko kulikuwa kumekaa jirani sana na uongo.

Angeanzia wapi kumweleza? Pua yao ilikuwa moja: ndefu, yenye nundu katikati, na ncha iliyoinama kama inayochungulia mdomo wa juu. Waliirithi kwa marehemu baba yao. Nyumbani iliitwa pua ya kwetu, na mtoto wa ukoo akizaliwa, jambo la kwanza lilikuwa kumtazama kama anayo.

Siku mbili za mwanzo Kengele aliiendesha nyumba kama bweni. Alipanga mito mitatu ili mgonjwa alale kichwa kikiwa juu. Vidonge vilimezwa kwa saa, na kitambaa chenye barafu kiliwekwa mashavuni, kamwe si juu ya pua. Mgonjwa alipotaka kuinama kuokota kandambili, alizuiwa kwa jicho. Alipotaka kuvaa fulana, alivuliwa kabla haijafika shingoni.

"Nguo za vifungo," Kengele alisema. "Hiyo fulana ikikwaruza pua, nitamwambia nini daktari?"

Kilichomsumbua fundi kuliko maumivu ni kutoona. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitengeneza miwani ya watu, na yeye mwenyewe bila miwani hakuweza kuhesabu vidole vyake. Sasa alikatazwa kuegemeza chochote puani kwa wiki sita. Siku ya tatu asubuhi uvimbe wa macho ulipopungua, alimwomba dada yake afungue droo ya zana.

"Toa fremu nyepesi kuliko zote, ile ya waya. Sasa kata plasta ndefu. Izungushe hapo katikati, halafu ubandike ncha yake kwenye kipaji changu. Ining'inie, isiguse pua."

"Hivi?"

"Juu kidogo. Sasa unanipeleka upande. Dada, mimi si pazia."

Kengele alirudia mara ya tatu, ikakaa. Ukungu ukatoka machoni mwa fundi, naye kwa mara ya kwanza tangu arudi aliuona uso wa dada yake vizuri, na nundu yake, na ncha yake. Akaangalia pembeni upesi.

Mchana wa siku hiyo hiyo Kengele alikuwa akiitafuta karatasi ya hospitali ili ahakikishe saa za dawa. Aliipata, akaisoma amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena ameketi.

"Hapa pameandikwa kurekebisha umbo," alisema. "Nyama ziko wapi?"

"Hazikuwepo, dada."

Kengele aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile. "Kumbe," akasema, akaenda jikoni.

Toka hapo hakugomba. Afadhali angegomba. Vidonge vilikuja kwa wakati, mito ikapangwa, barafu ikabadilishwa, ila yote bila neno. Fundi alijilaza akipumulia mdomoni, ulimi mkavu, akisikiliza vyombo vikiwekwa mezani kwa upole wa kutisha.

Siku ya nne Kengele alipika supu ya viazi, na kwa kuwa mawazo yake hayakuwa jikoni, alimimina pilipili manga kupita kiasi. Fundi hakupata harufu yoyote, pua ilikuwa imeziba. Mvuke tu ulitosha. Aliambiwa hospitalini kwamba chafya ikimjia afungue mdomo wote ili nguvu isipite puani. Alifungua. Ilitoka sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa, na kijiko cha Kengele kikaanguka.

Wakatazamana. Fundi alianza kucheka, akashika mashavu kwa maumivu. Ndipo chachi ikaanza kuwa nyekundu.

Kengele hakupoteza muda. Alimketisha wima, akabadilisha chachi, akampigia simu muuguzi. Muuguzi aliuliza kama damu inatiririka au inadondoka. Inadondoka, Kengele alijibu. Basi akae wima, barafu mashavuni, na ikizidi nusu saa waje. Haikufika hata robo saa. Lakini Kengele hakurudi jikoni. Alivuta kiti karibu na kitanda, akakaa.

"Nikuulize," alisema. "Mimi hii pua nimetembea nayo miaka arobaini na tisa. Nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Kama yako ilikuwa ya kurekebishwa, yangu je?"

"Yako imekukaa, dada. Wewe ukiingia mahali, pua inaingia na wewe. Yangu ilikuwa inatangulia."

Kengele hakucheka, ila mdomo ulimcheza.

"Nakaa mbele ya kioo kutwa," fundi aliendelea. "Namtafutia kila mtu fremu ya kumpendeza, halafu nikiinua macho naukuta uso wangu, nisioupatia hata moja. Hakuna aliyenicheka, hakuna aliyenituma. Nilitaka tu."

"Na baba?"

"Baba hayumo puani."

"Kwangu yumo," Kengele alisema.

Hapo fundi angetia ulimi puani, kama huko puani kungekuwa na nafasi. Alinyoosha mkono, akaushika wa dada yake. Haukuondolewa.

"Ungeniambia," Kengele alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Bweni zima linakuombea kwa ajili ya nyama. Nirudi niwaambie nini?"

"Waambie dua zimepokelewa. Nyama hazipo."

Safari hii walicheka wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine akijishika mashavu.

Siku ya saba walikwenda kuondoa banzi. Fundi alipewa kioo, akajiangalia. Pua ilikuwa pana, imevimba, ngozi inang'aa na alama za gundi. Daktari alieleza kwamba uvimbe utashuka polepole, na sura yenyewe huenda isitulie kabla ya mwaka. Alikuwa ameyajua hayo tangu mwanzo, lakini njiani kurudi machozi yalimtoka.

"Hata mtoto mchanga siku ya kwanza huwa hana sura," Kengele alimwambia. "Mpe muda." Kesho yake alifunga begi akarudi bwenini.

Wiki sita zilipita, fundi akarudi dukani. Wateja wengi hawakugundua kitu. Mmoja alimwuliza kama alikuwa likizo, maana amenawiri, naye akajibu ndiyo. Shule zilipofungwa Kengele alipita dukani. Alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Bado sijaizoea," alisema.

"Hata mimi."

"Haya. Sasa nitazame na mimi macho. Daftari la majina nalisomea mkono umenyooka, wasichana wananicheka."

Fundi alimketisha mbele ya kioo, akampima macho, kisha akachukua rula ndogo na kuiweka kwa upole juu ya nundu ile, kupima nafasi ya fremu kukaa. Alisoma namba, akaiandika, akapima tena ili awe na uhakika.