Silinda ya Kuazima

Kwetu mtaani Bahati, mgeni akija, vikombe hutoka kwa jirani. Mama alinituma kuviazima tangu nikiwa mdogo, na mgeni akanywa chai yake bila kujua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini siku ya wageni nani huwakumbuka wahenga?

Nilizeeka kwenye uuguzi na tabia hiyo. Tukaambiwa wakaguzi wanatoka Nairobi kupima kama nchi iko tayari kuwa na vikosi vya matibabu ya dharura, vya kuondoka mara moja mafuriko au ajali kubwa ikitokea. Hospitali yetu ionyeshe kikosi kimoja na vifaa vyake. Watu tulikuwa nao. Mtungi wa oksijeni ulipungua mmoja.

Asubuhi ya ukaguzi nikaenda kuuazima kwenye zahanati ndogo mtaa wa Rhonda. Muuguzi wa pale nilimfundisha kazi mwenyewe.

"Sister, niko na hii silinda moja pekee," alisema.

"Saa nane nitakuwa nimerudisha. Ni ya kuonyesha wageni tu."

Akaniachia. Angenikataliaje?

Wakaguzi walikuwa watu wa adabu. Mmoja aliigonga silinda kwa kalamu, akauliza kama inaweza kutumika popote, wakati wowote. Nikasema ndiyo bila kumeza mate. Akatia alama kwenye fomu. Kisha ikaja nyama ya mbuzi na soda, na hotuba za shukrani, na mimi nikaona aibu kuinuka kabla ya wakubwa. Saa nane ikapita nikipiga makofi.

Nilifika Rhonda saa kumi. Kitandani alilala mama mmoja muuza mboga, shuka limemfunika mpaka usoni. Pumu ilimbana, akaletwa saa nane na nusu. Walipiga simu kuomba gari la wagonjwa. Gari lilikuwa kwetu, limeoshwa, limeegeshwa mbele ya wageni.

Muuguzi hakunigombeza. Nilitamani anigombeze, hata anitukane, kwa jinsi nilivyojichukia. Alishika upande mmoja wa silinda, mimi upande wa pili, tukaisimamisha mahali pake kando ya kitanda. Ilikuwa imejaa.

"Wageni wamesemaje?" aliniuliza.

"Wamesema tuko tayari."