Upepo Wangu, Barafu Yake

Nilikwenda Dubai kwa sababu ya wivu, na afadhali niwaambie hivyo tangu mwanzo. Ofisini kwetu Nairobi, ambako kazi yangu ni kutabiri upepo, ilisemwa kwamba nakwenda kwenye warsha ya watabiri wa hali ya hewa kutoka nchi nyingi. Walikuwa wanakutana kutafuta namna ya kutabiri vizuri zaidi upepo na barafu ya bahari huko kwenye ncha za dunia. Hayo yalikuwa kweli. Lakini mkuu wetu alipouliza nani yuko tayari kwenda, mimi niliinua mkono kabla hajamaliza swali, kwa kuwa nilikuwa nimeona jina la Zuhura miongoni mwa wasemaji.

Zuhura ni Mzanzibari. Tulisoma chuo kimoja hapa Nairobi na kulala chumba kimoja, tukakaririshana majina ya mawingu huku tunapika ugali kwa zamu. Baadaye, kila mmoja akiwa kwao kazini, ilitangazwa nafasi moja ya mtabiri kutoka Afrika Mashariki kusafiri na meli ya kuvunja barafu hadi Antaktika. Tuliomba wote wawili, akachukuliwa yeye. Msimu mzima nikawa naamka na kukuta picha zake kwenye simu: Zuhura ndani ya koti jekundu, Zuhura na pengwini, Zuhura amepakata bonge la barafu kama mtoto mchanga. Kila picha niliiwekea alama ya moyo, na mioyo yote hiyo ilikuwa ya uongo.

Siku ya kuondoka, mume wangu alinipeleka uwanja wa ndege. Njiani alisema, "Chelagat, ukifika huko usigombane na watu." Nikamuuliza kwa nini nigombane. Akatabasamu, akaendelea kuendesha.

Dubai nilifikia hoteli ndogo ya mtaa wa Bur Dubai, juu ya maduka ya vitambaa. Nilikuwa bado nasubiri ufunguo niliposikia sauti nyuma yangu.

"Shoga yangu! Wallahi ndiye wewe?"

Alinikumbatia kwa nguvu, ananukia udi kama zamani. Alikuwa amenawiri. Kwenye shavu alikuwa na alama ndogo nyeusi, nikamuuliza imetoka wapi. "Baridi hiyo, mwenzangu. Nilitoka nje bila kujifunika uso, upepo ukaniunguza." Akacheka. Nami nikacheka. Moyoni niliionea gere hata ile alama.

Asubuhi ya kwanza ya warsha ilikuwa yake. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kinavuma hata wengine wakajitanda mashuka waliyoyatoa vyumbani. Zuhura alieleza mambo ambayo nami nilikuwa nayajua kwa kusoma: kwamba kule vituo vya kupima hewa ni vichache na viko mbalimbali, kwamba setilaiti huiona barafu lakini mawingu yakitanda huwa kama imefumba macho, na kwamba kila nchi ilikuwa ikijiwekea vipimo vyake. Kisha akaeleza ambayo sikuyajua. Alisimulia jinsi meli yao ilivyopokea tabiri mbili zinazopingana siku moja, wakafuata iliyopendeza, wakakwama hadi barafu ikaanza kuusaga ubavu wa meli. "Ile sauti," alisema, "ni kama mtu anatafuna mifupa chini ya kitanda chako." Watu waliacha kuandika. Nilitazama zile nyuso zinavyomtazama, na kijiba cha roho kikanishika, nikaisogeza chai kando.

Siku ya mapumziko nilivuka maji kwa abra, ile mashua ndogo ya abiria, kwenda mtaa wa Naif kumwona Chepkemoi, binti wa mama yangu mdogo. Ni mlinzi kwenye ghala la vyakula vya baridi kule Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, na hulala chumba kimoja na wasichana wengine, kila mmoja na kitanda chake kilichozungushiwa pazia. Tulikaa juu ya kitanda chake, tukala chapati na maharage. Nikamweleza habari zote za Zuhura, bila kujificha.

"Ati unamwonea mtu wivu juu ya baridi?" alisema, akishika mbavu. "Kuja kwetu kazini. Tutakufungia friza bure."

"Si baridi, Chep. Ni ile nafasi. Ingekuwa yangu."

Aliacha kucheka. "Sasa nikuambie yangu. Wewe Jumapili unapanda ndege unarudi home kwa watoto wako. Mimi kila nikiomba likizo, supavaiza anasema inshallah. Kuna vile nakuangalia hapa ukikula chapati yangu na naskia vibaya. Lakini bado nimekupikia."

 Nilikula ile chapati ya mwisho kwa sababu alinisukumia.

Siku iliyofuata, pale ukumbini, mazoezi yakageuka kazi ya kweli. Meli moja ya mizigo ilikuwa inakaribia pwani ya Antaktika, kusini kabisa ya Bahari ya Hindi, ikipeleka chakula kwa watafiti na kuwapokea waliokaa huko majira yote ya giza. Mmoja wao alikuwa mgonjwa. Kati ya meli na kituo kulikuwa na mfereji wa maji uliofunguka ndani ya barafu, na nahodha alitaka kujua: aingie sasa au asubiri? Mwenyekiti wa warsha aliwauliza watabiri wa nchi yake, nao wakasema picha za setilaiti zimefunikwa na mawingu. Basi akatupa sisi pia swali hilo. Akatuweka mimi na Zuhura meza moja, mimi wa upepo, yeye wa barafu.

Zuhura aliitazama picha ya mwisho iliyokuwa safi. "Aingie," alisema. "Barafu hii nyepesi, naijua rangi yake. Na upepo unatoka bara, unaisukuma nje."

Mimi nilikuwa naona kitu kingine. Magharibi ya pale kulikuwa na kanieneo ndogo ya hewa, chanzo cha dhoruba, inayokuja, na mbele yake upepo ungegeuka, uvume kutoka kaskazini, kutoka baharini. Upepo wa namna hiyo ungeirudisha barafu yote pwani na kuufunga mfereji nyuma ya meli.

"Asiingie," nikasema.

"Kwa nini? Modeli zote za kompyuta zinasema upepo utageuka keshokutwa."

"Mimi naona utageuka kesho."

"Unaona wapi, Chelagat? Nioneshe."

Nilimwonesha, lakini ushahidi wangu ulikuwa mwembamba: mistari miwili mitatu iliyojikunja kwenye ramani. Hapo ndipo nilipoogopa. Ghafla sikujua kama ni mistari ile inayosema au ni wivu wangu. Je, kama angekuwa mtu mwingine aliyesema "aingie", ningebisha hivi? Huku mgonjwa anasubiri, mimi nilikuwa najichunguza roho. Niwaambie kweli, ilinipendeza kumwona Zuhura anakunja uso mbele ya watu, na kupendezwa huko ndiko kulikonifanya nisijiamini.

Nikasema, "Mimi sijiamini. Tupate mtu wa tatu."

Magharibi ya ule mfereji kilikuwapo kituo cha nchi nyingine, ambacho hurusha puto la kupima hewa mara moja tu kwa siku ili kubana matumizi. La siku hiyo walikwisha kulirusha. Mama mmoja wa nchi hiyo, aliyekuwa meza ya jirani, alisikia maneno yetu. Hakusubiri kikao wala ruhusa ya maandishi. Alipiga simu kituoni, akaongea kwa lugha yao, akabembeleza, kisha akatugeukia: "Wanajaza puto jingine gesi."

Tulisubiri. Zuhura alikuwa anavuta uradi kwa vidole chini ya meza. Mimi nilikunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Vipimo vilipoanza kuingia, tuliinamia skrini moja, vichwa vinagusana. Huko juu upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Ungeshuka hadi baharini jioni ileile, mapema kuliko modeli zote, na mapema kuliko hata nilivyosema mimi.

"Khalas," Zuhura alinong'ona. "Asiingie."

Nahodha alipigiwa, sauti yake ikatoka kwenye spika, inakwaruza. Alikubali kukaa nje. Halafu, kwa kuwa alikuwa amesafiri na Zuhura msimu uliopita, akasema, "Asante, Zuhura. Umeniokoa."

Ukumbi ukapiga makofi. Nilihisi uso wangu unawaka.

"Si mie, nahodha," Zuhura akajibu kwa sauti kubwa. "Mie nilikuwa nakutia ndani. Ni mwenzangu Chelagat wa Nairobi aliyekataa."

Mtadhani nilifurahi. Nilikasirika zaidi. Kama angeninyang'anya sifa ile ningekuwa na haki ya kumchukia, sasa hata hiyo sina. Nilikwenda msalani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Asubuhi yake picha ya setilaiti ilikuwa wazi. Mfereji ulikuwa umefungika kabisa, mweupe kama haujawahi kuwapo. Meli ilisubiri nje hadi upepo wa bara uliporudi, ikaingia, ikamchukua mgonjwa akiwa hai.

Siku ya mwisho ilitangazwa kwamba Zuhura anarudi melini msimu ujao. Niliposikia, roho iliniuma upya, kama sikujifunza kitu. Alinifuata kwenye ngazi.

"Nimewaambia nataka mtu mmoja wa upepo kutoka nchi kavu, wa kuniandikia kila siku. Nimekutaja wewe. Ukikataa sitakulaumu."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hutaniambia ndiyo ili kunifurahisha."

Nilirudi nyumbani Jumapili, watoto wakanirukia uwanjani, nami nikamkumbuka Chepkemoi nikawakumbatia tena.

Sasa msimu umeanza. Alfajiri naingia ofisini, nakusanya vipimo vya vituo vya nchi mbalimbali, kikiwamo kile kinachorusha puto, siku hizi mara mbili. Naandika upepo wa siku na kuutuma. Nilichojifunza Dubai ni kidogo lakini nakishika: si lazima wivu uishe ndipo kazi ifanyike. Jana Zuhura alinitumia picha ya jua lisilotua juu ya barafu. Niliitazama kwa muda mrefu, nikamjibu: "Nakuonea wivu mno. Kesho upepo wa kaskazini, msikaribie pwani."

Akajibu, "Tunageuza."